Magurudumu Matatu ya Bi Fadhiya

Katika mtaa wa Kuze, mahali ambapo nyumba zimekaribiana hata jirani aweza kumpa jirani chumvi dirishani, hapakuwa na mtu asiyeijua baiskeli ya Bi Fadhiya. Ilikuwa baiskeli ya watu wazima yenye magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, na juu ya hayo ya nyuma palikuwa na kikapu kipana cha waya. Marehemu babake, aliyekuwa karani bandarini, aliinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akihama, na hata siku hiyo ilikuwa tayari kuukuu. Fadhiya alikuwa kigoli, na mguu wake wa kushoto umekonda kama ufito kwa maradhi ya kupooza yaliyompata utotoni. Baiskeli za wenzake zilimwangusha, hii ilimbeba. Aliufunga mguu mgonjwa kwa ukanda, akakanyaga kwa ule mzima, na buibui lake akalikunja vyema lisimezwe na mnyororo.

Miaka ilikwenda, nywele zikaingia mvi, na Bi Fadhiya bado yumo barabarani. Kila adhuhuri alitia chakula kikapuni, akakata vichochoro hadi karibu na Ngome ya Yesu, nyumbani kwa Bi Mwanakhamis. Huyo ndiye aliyemlea Fadhiya baada ya mamake kufariki. Sasa alikuwa ajuza asiye na mtoto, na macho yake yameingia ukungu. Wawili hao walikula sahani moja, wakasimuliana habari za mji, kisha Fadhiya akarudi zake.

Asubuhi moja, Bi Fadhiya akitoka Marikiti na kikapu kimejaa nazi na ndizi, alisikia mlio mkali chini yake. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekatika, na fremu imefanya ufa. Mahamali wawili waliibeba baiskeli hadi uani kwake. Aliitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Jioni hiyo alimpigia simu Fahmi, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi Muscat.

"Shangazi, achana na hicho chuma chakavu," alisema. "Nakununulia mpya, ya umeme. Hutakanyaga tena, utabonyeza tu. Mwisho wa mwezi inapakiwa melini, inshallah."

Akamtumia na picha. Ilikuwa nyekundu, inang'aa kama kidani cha bibi harusi. Bi Fadhiya aliitazama picha ile hata akailalia.

Ndiyo maana Joab, fundi wa kulehemu kutoka Mbaraki, alipopita kumjulia hali, hakusikilizwa.

"Fremu hii bado ina nguvu, Bi Fadhiya," alisema Joab, akiupitisha ukucha juu ya ufa. "Ekseli yake haiuzwi tena madukani, lakini naweza kuichonga. Niichukue?"

"Ahsante, fundi. Usijisumbue. Naletewa mpya."

Mwisho wa mwezi ulifika ukapita. Mara meli imechelewa, mara kibali hakijatoka. Chakula cha Bi Mwanakhamis kilipelekwa na jirani, Areej, na kila siku Areej alirudi na bakuli lililodonolewa tu.

"Asema hana njaa," alieleza Areej. "Na mashavu yamemwingia ndani, dadangu."

Maneno hayo yalimchoma Bi Fadhiya, lakini alijipa moyo kwamba mpya i njiani. Hata aliamua kuipisha nafasi. Alikubaliana na Menza, mnunuzi wa vyuma chakavu, aje kuichukua ile kuukuu kesho yake mchana.

Kesho yake asubuhi uvumilivu ulimwisha. Alipanda tuktuk ikamshusha mwanzo wa kichochoro, maana ndani haikuweza kuingia. Masafa yaliyobaki alijikokota kwa gongo, jasho likimchuruzika, akiegemea ukuta huu na ule. Alimkuta Bi Mwanakhamis amelala kwenye kitanda chake cha kamba, mdogo kama mtoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe kweli?" Ajuza aliunyosha mkono, akampapasa uso. "Watweta. Umekuja kwa miguu?"

"Kidogo tu, Mama. Kwa nini huli?"

"Chakula nakiona kitamu. Ila nikila peke yangu hakishuki."

Machozi yalimlengalenga Bi Fadhiya. Akamweleza habari za baiskeli ya umeme, rangi yake na kasi yake.

"Umeigusa?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

"La. Nimeiona pichani."

"Basi picha hiyo ipande, kesho uje tule."

Hakuyasema kwa kejeli. Aliyasema kama mzazi anayemzindua mwana usingizini, na Bi Fadhiya akazinduka. Aliaga, akarudi kwa pupa kadiri mguu ulivyomruhusu. Tuktuk ilipomfikisha Kuze, mkokoteni wa Menza ulikuwa ukiondoka, na baiskeli imelazwa juu yake kwa ubavu.

"Menza! Ngoja!"

"Bi mkubwa, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, na ninavunja neno langu. Niwie radhi. Lakini hiyo ni miguu yangu, na nilikuwa naiuza kabla sijapata mingine."

Menza alimtazama alivyoliegemea gongo lake. Akajifuta uso kwa kiganja, akasema taratibu, "Basi sina haja ya kuishusha. Niambie tu niipeleke kwa fundi gani."

Ikapelekwa Mbaraki. Joab alichonga ekseli, akauziba ufa, akatia mnyororo mwingine. Alipomkabidhi hakumficha kitu.

"Haitakuwa kama zamani, Bi Fadhiya. Italialia, na usiipakie mzigo mzito."

"Hata mimi si wa zamani, fundi. Nalialia vilevile. Tutakwenda polepole."

Siku hiyohiyo alipika wali wa nazi na mchuzi wa papa, akakata vichochoro. Bi Mwanakhamis alikula tonge baada ya tonge, hadi akauliza kama kuna ukoko.

Walikuwa bado wameizunguka sahani simu ilipolia. Alikuwa Fahmi.

"Shangazi, nisamehe. Hakuna baiskeli. Kazi iliisha mwezi uleule niliokuahidi, nikaona haya kukwambia. Kila siku nilidhani nitapata nyingine."

"Haya ya nini, mwanangu? Nia yako nimeipokea. Wewe ushakula leo?"

Fahmi alisikika akilia.

"Rudi nyumbani," alisema Bi Fadhiya. "Kwangu hukosi sahani."

Alipoiweka simu chini, Bi Mwanakhamis aliuliza, "Ile ya umeme yaja?"

"Haiji, Mama. Ajaye ni Fahmi."

"Huyo ni bora," alisema ajuza, akaupapasa mguu mwembamba wa Fadhiya uliokuwa umechoka kwa safari. Kisha akaisogeza sahani ikae katikati yao, wakaendelea kula.

Hakika, waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakukosea.