Kipimo cha Kichwa cha Mtoto

Wapendwa, mnaosinzia amkeni, hii inawahusu.

Kulikuwa na baba mmoja aliyejenga nyumba kando ya barabara ya malori ya mchanga. Binti yake wa miaka miwili alikuwa na mbio, na siku moja mama jirani alimdaka akiwa amebakiza hatua mbili tu aingie barabarani.  Yule baba akaapa: "Mwezi huu hauishi kabla sijaweka uzio wa chuma, na nitauchomelea kwa mikono yangu mwenyewe!"

Akanunua nondo, akaazima mashine ya kuchomelea. Na alitumia akili, msimcheke. Alimketisha binti kibarazani, akampima upana wa kichwa, akakata kibao chembamba kuliko hapo. Kila nafasi kati ya nondo na nondo aliipima kwa kibao hicho. Kichwa kisipopita, mtoto hapiti.

Shida ni cheche. Kibao kiliungua. Akakilaza juu ya ubao mwingine, akakizungushia chaki, akakata kwa nje ya alama. Hicho nacho kilipoungua, akakata cha tatu kwa kufuatisha cha pili, na cha nne kwa kufuatisha cha tatu. Ikawa hivyo wiki nzima.

Yule jirani akamwambia, "Baba, mbona humpimi tena mtoto? Si huyo hapo anakula muhogo?"

"Mama, vibao vyote ni sawa. Hebu tazama!"

Akaviweka viwili vya mwisho pamoja. Kweli, nani angeona tofauti? Ni unene wa chaki tu.

Jumamosi akachomelea nondo ya mwisho, ile ya kona ya barabarani. Jasho tele, moyo mweupe. Akaenda kunawa. Mara honi, mara breki! Alipofika, binti alikuwa ameketi mavumbini mbele ya tairi la lori, analia, mzima. Alikuwa amepenya kwenye nafasi ya mwisho.

Mkewe akasema, "Tuongeze nondo moja hapo paishe."

"Hapana. Mlete mtoto nimpime upya. Nakata zote mpaka niikute nafasi iliyo sawa."

Na alizikata, ndugu zangu, huku analia.

Sisi je? Nani kati yetu amejipima kwa Kristo mwenyewe mwaka huu? Tunajipima kwa jirani wa benchi. "Mimi si mbaya kuliko fulani." Na fulani alijipima kwa nani? Baba yangu alidanganya kidogo, mimi nikaongeza kidogo, nikajiona sawa na baba. Sasa tunashangaa watoto wetu wako barabarani! Wametoboa wapi? Hawajatoboa popote, wamepita tulipowaachia.

Leo hatutii kiraka. Tunakata. Aliye tayari kuanzia nyumbani kwake, asimame.