Kamera ya Tusekile

Nina habari ya watu watatu na kamera moja. Sikilizeni mpaka mwisho, maana hukumu nitawaachia ninyi.

Milimani huko Rungwe, kwenye mvua nyingi na migomba, waliishi watu watatu wenye vipaji. Mwalimu Subilaga, aliyestaafu baada ya kufundisha Kiingereza miaka thelathini, alikuwa na kipaji cha kusoma: hakuyaacha maandishi yoyote, hata yale madogo ya kwenye karatasi ya dawa, mpaka ayafikishe mwisho. Gwakisa, fundi wa saa na redio, alikuwa na kipaji cha mikono. Angeweza kutoa skrubu ndogo kama punje ya mtama bila kuikwaruza. Tupokigwe, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi, alikuwa na kipaji cha kung'ang'ania. Kazi ikimshinda leo, kesho asubuhi aliianza upya kana kwamba hajawahi kuiona.

Jirani yao alikuwa Ambilikile, mgane. Marehemu mkewe, Tusekile, alikuwa mpiga picha wa harusi na ubatizo. Alipiga picha kata nzima, na kwa kuwa kamera ilikuwa mkononi mwake siku zote, yeye mwenyewe hakuonekana popote. Picha ya harusi yao ililiwa na mchwa. Hawakujaliwa mtoto ambaye angechukua sura yake. Mwaka wa pili baada ya msiba, Ambilikile aligundua jambo lililomtia hofu: akifumba macho aliisikia sauti ya mkewe, aliuona mwendo wake, lakini uso ulikuwa unafifia.

Ndipo akakumbuka. Wiki chache kabla mkewe hajaugua, yeye Ambilikile alimnyang'anya kamera kwa utani akampiga picha moja. Akaitoa kabatini, akaondoa betri zilizokuwa zimevuja, akaweka mpya, akawasha. Kioo kikaonyesha sentensi ya Kiingereza, na chini yake maneno mawili, moja likiwa limekolezwa rangi. Ambilikile hakujua Kiingereza. Alidhani kamera inamuuliza kama anataka kuona picha. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe alipopata wasiwasi, akaibeba hivyo hivyo, ikiwaka, hadi kwa Mwalimu.

Akamweleza shida yake, kisha akasema, "Atakayenionyesha uso wa Tusekile, kamera hii ni yake. Mimi sina tena wa kumpiga picha."

Mwalimu akavaa miwani, akasoma mara mbili. Akamshika mkono akausogeza mbali na kitufe.

"Usibonyeze, baba. Haikuulizi kama unataka kuona. Inasema haiwezi kuisoma kadi, kile kibati cha ndani kinachotunza picha, na inaomba ruhusa ya kuifuta yote ianze upya. Ungekubali, ungekuwa umemzika mara ya pili."

Akamfafanulia kwamba kushindwa kusoma si sawa na kusema hakuna kitu. Huenda picha zimo, ila kamera haizifikii. Akaizima, akampeleka kwa Gwakisa.

Gwakisa alifungua kifuniko cha chini, akaona ukoko wa kijani na mweupe. Maji ya betri yalikuwa yametambaa hadi kwenye kadi, yakaganda, yakaigandisha mahali pake. Akamwonya Ambilikile kwamba kadi ikivutwa kwa nguvu itapasuka vipande viwili, na hapo hakuna wa kuiunga. Ambilikile akarudia ahadi yake. Fundi akachovya pamba kwenye siki, akapangusa kidogo kidogo, akangoja, akapangusa tena. Siku mbili hakupokea saa wala redio ya mtu. Siku ya tatu kadi ikatoka nzima. Akasugua vibati vyake vya kupitisha umeme kwa kifutio cha penseli, akairudisha ndani, akawasha. Lile onyo halikutokea tena. Likatokea jingine, fupi: hakuna picha.

Ambilikile alikaa kwenye benchi la fundi. Mwishowe Gwakisa akamwambia ampelekee Tupokigwe hiyo kadi, labda kompyuta ina macho zaidi.

Tupokigwe naye alisikia ahadi. Akaiweka kadi kwenye kompyuta, akakataa kompyuta ilipoomba ruhusa ya kuifuta, kisha akaanzisha programu ya kutafuta picha zilizopotea. Ilihitaji saa saba mfululizo. Saa ya tano umeme ukakatika. Kesho yake akaanza upya, ukakatika saa ya sita. Wateja wakamnung'unikia, akawaomba radhi. Siku ya nne programu ikafika mwisho. Zikatoka picha mia mbili na kumi na nne: maharusi, watoto wachanga, makasisi. Ya mwisho ilikuwa ya mwanamke mlangoni, anacheka, mkono mmoja ameuinua kumkataza mpiga picha, na imetoka na ukungu kidogo.

"Usiifunge," Ambilikile akasema. Akaitazama mpaka duka lilipofungwa.

Jumapili akawaalika wote watatu. Akapika ndizi kwa nyama, akashusha sahani nne. Tangu msiba ilikuwa moja tu. Kamera akaiweka mezani, akawaomba wamsaidie kutimiza ahadi.

Mwalimu alisema bila yeye kadi ingefutwa kabla fundi hajaigusa. Tena wanawe wako mbali, wanamjua kwa sauti ya simu tu, na angependa wauone uso wake angali hai. Gwakisa alisema kuyajua maneno hakukuing'oa kadi, na kwamba maisha yake yote ametengeneza vitu ambavyo wenyewe huja kuvichukua. Hajawahi kubaki na kimoja. Tupokigwe alisema kadi iliyong'olewa ilikuwa bubu, yeye ndiye aliyeisemesha. Kisha kwa sauti ya chini akaongeza kwamba Tusekile alikuwa ameahidi kumfundisha kupiga picha, wakapanga na siku, akafa kabla.

Ambilikile akaona kila mmoja ana haki. Akawaomba waje tena Jumapili inayofuata. Wakaja, wakala, wakazungumza habari za Tusekile, na bado hakuamua. Akaomba Jumapili nyingine.

Jumapili ya nne, wakati wa kunawa mikono, Mwalimu Subilaga akamuuliza taratibu, "Mzee mwenzangu, umeshindwa kuamua, au hutaki?"

Ambilikile akaangalia sahani nne, akaendelea kummiminia maji ya kunawa.

Basi ninyi mlionisikiliza, niambieni: kamera ni ya nani? Ya aliyeielewa, ya aliyeifungua, au ya aliyeing'ang'ania? Na wewe, kama nyumba ile ingekuwa yako, ungeamua leo?