Tenga la Ngiri na Kiti cha Kushoto

Nikiita, mtaitika?

— Tutaitika!

Nikipotea njia, mtanirudisha?

— Tutakurudisha!

Basi kaeni vizuri, wa nyuma asogee mbele, twende pamoja.

Hapo zamani, zamani sana, ngiri alikuwa hajui kupiga magoti. Alikula amesimama, alisalimia amesimama, na shingo yake ilikuwa juu, juu kabisa.

Mzee Ngiri huyo alikuwa na tenga. Lilikuwa tenga kubwa la fito, lenye nafasi ya abiria ishirini. Korongo arobaini walilibeba angani kwa kamba, kutoka Mlima wa Huku hadi Mlima wa Kule. Katikati palikuwa na bonde la tope na mamba. Njia ya miguu haikuwapo.

Sasa korongo, watoto wangu, wakivuta mzigo mzito huinamisha vichwa. Hawaoni mbele. Kwa hiyo tenga lilikuwa na marubani wawili. Kulia alikaa ndege Hondohondo, mwenye mdomo mkubwa wa kushikia hatamu. Kushoto alikaa Chiriku, ndege mdogo kama ndimu. Chiriku hakushika chochote.

Kazi yao ilikwenda hivi. Hondohondo akiona kitu, alikitaja.

"Naona mti!"

Chiriku alinyoosha shingo, akatazama kwa macho yake mwenyewe, kisha akajibu, "Na mimi naona mti!"

Ndipo hatamu zilipovutwa. Na kama haukuwa mti, Chiriku alisema, "Siyo, kaka! Huyo ni twiga!" Wakacheka, wakapita pembeni.

Kulikuwa na abiria mmoja, Bibi Digidigi, mwenye miguu myembamba kama vijiti. Kila tenga lilipotua, kabla hajashuka, aligeuka akasema, "Asante wa kulia! Asante wa kushoto!"

Abiria wenzake walimcheka. "Bibi, huyo wa kushoto amefanya nini?"

"Sijui, wajukuu zangu," alisema. "Ninachojua, nimefika."

Siku moja Mzee Ngiri alimwangalia Chiriku akila bakuli lake la mtama, ujira wake wa siku.

"Wewe Chiriku, kwani kazi yako hasa ni nini?"

"Kutazama, mzee, na kujibu."

"Kujibu! Hata mwangwi unajibu, nao hauli mtama wangu."

Kesho yake kwenye kiti cha kushoto liliwekwa gunia la karanga za kupeleka sokoni. Chiriku aliambiwa apumzike nyumbani.

Hondohondo akauliza, "Mzee, sasa nani atanijibu?"

"Jijibu mwenyewe. Mdomo wote huo!"

Safari ya kwanza, Hondohondo akaruka na tenga peke yake. "Naona mti!" akasema kwa sauti nene. Akatazama tena, akajijibu kwa sauti nyembamba, "Na mimi naona mti!" Abiria wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tenga likafika salama. Mzee Ngiri akafurahi, pembe zake zikatikisika. "Mnaona? Ndege mmoja, sauti mbili, bakuli moja!"

Safari ya pili, Hondohondo alikuwa amechoka. "Naona anga tupu!" akasema. Na hapo hapo, kabla hajatazama tena, "Na mimi naona anga tupu!" Watoto wangu, mtu akijijibu mwenyewe hukubali kila kitu. Halikuwa anga tupu. Ulikuwa mkuyu. Tenga likagonga kilele, fito mbili zikakatika, na Kobe akamwagikiwa uji wake wote.

"Upepo tu huo," alisema Mzee Ngiri. "Fungeni fito, kesho mapema tunaondoka. Na mimi nitapanda, ili wenye hofu waone aibu."

Ikafika safari ya tatu. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mzito kama maziwa. Mzee Ngiri alikwisha kaa, kifua mbele, Bibi Digidigi alipokuja mbio akihema.

"Nisubirini! Binti yangu yuko Mlima wa Kule, uchungu umemshika tangu alfajiri. Ni mimba yake ya kwanza, na hana mtu mwingine!"

Akatia mguu mmoja ndani ya tenga. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akasita.

"Wa kushoto yuko wapi?"

"Nimempumzisha," alisema Mzee Ngiri.

"Nikifika nitamshukuru nani? Gunia?"

"Bibi, panda au baki. Binti yako anasubiri."

Bibi Digidigi akabaki mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kupanda, anaogopa. Kubaki, binti yake yuko peke yake. Afanyeje?

Basi akamwona Chiriku ametua juu ya uzio. Kila asubuhi Chiriku alikuja pale kulitazama tenga likiondoka, ingawa hakuna aliyemwita.

"Njoo, mwanangu," alisema Bibi Digidigi. "Mimi ni mdogo, na wewe ni mdogo. Nafasi yangu inatutosha wote wawili."

"Mpakate ukipenda," alisema Mzee Ngiri. "Lakini mtama wangu haulambi!"

Tenga likapaa. Ukungu mbele, ukungu nyuma. Chiriku alikaa mapajani mwa Bibi, lakini mazoea ni mazoea, shingo yake ilikuwa imenyooka mbele.

Hondohondo akasema, "Naona wingu!"

Kisha kwa sauti nyembamba, "Na mimi naona w—"

"Siyo, kaka!" sauti ikapasuka kutoka mapajani mwa Bibi Digidigi. "Siyo wingu! Ni jabali! Vuta juu! Vuta!"

Hondohondo hakuuliza nani anasema. Sauti ile aliijua miaka mingi. Akavuta hatamu zote mbili. Korongo arobaini wakapiga mabawa kwa pamoja, pa! pa! pa! Tenga likasimama mkia chini, kichwa juu, na jabali likalikwangua tumbo, kwaruuu! Gunia la karanga likadondoka kutoka kiti cha kushoto. Wakalisikia likipasuka, karanga zikigonga mawe, ko, ko, ko, chini, chini zaidi, mpaka sauti ikapotea.

Chiriku akaruka kutoka mapajani, akatua kwenye kiti chake. Hondohondo akajaribu tena.

"Naona... naona kijani."

Watoto wangu, Chiriku alijibu nini?

— Na mimi naona kijani!

Vizuri. Alitazama kwanza, ndipo akajibu hivyo. Na kweli kilikuwa kijani, majani ya Mlima wa Kule. Wakatua.

Bibi Digidigi aligeuka. "Asante wa kulia! Asante wa kushoto!" Safari hii abiria wote waliitikia pamoja naye. Kisha akakimbia, na miguu yake myembamba haikuonekana kwa mbio. Alifika mlangoni kwa binti yake wakati mtoto anatoka. Akampokea mjukuu wake, akamlamba uso akiwa bado ana unyevu.

Na Mzee Ngiri? Alitaka kushuka, miguu ikakataa. Magoti ya mbele yakajikunja, akajikuta chini mbele ya ndege mdogo kama ndimu.

"Mwanangu Chiriku," alisema, "nilikuona ukila. Sikukuona ukitazama. Asante wa kushoto."

"Inuka, mzee, utajichubua magoti."

"Niache kidogo, mwanangu. Bado sijamaliza kushukuru."

Siku hiyo hiyo Chiriku alirudishiwa kiti chake na bakuli lake, limejaa mpaka juu. Na tangu hapo hadi leo, ngiri akila majani hupiga magoti ya mbele. Mkimwona malishoni msidhani ni mgonjwa. Anashukuru, kwa kuwa bado hajamaliza.

Funzo lake ni hili, watoto wangu. Wako watu ambao kazi yao ni kuangalia tusidhurike. Wakiifanya vizuri, hakuna linalotokea, nasi tunadhani hawakufanya kitu. Msimpunguze mtu kwa sababu hamjaiona kazi yake. Muulizeni, mtazameni, na mkifika salama, mshukuruni.

Nami leo niliita, mkaitika. Peke yangu ningepotea njiani. Asanteni wa kulia! Asanteni wa kushoto! Hadithi yangu imetua. Shukeni polepole, na anayefika kwao amsalimie mama.