Sauti Kutoka Ng'ambo

Mji ule ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya sokoni, aliye gatini humwombea heri. Barabara ilikuwa moja tu, ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa mvua. Iliteremka kutoka kilima cha shule, ikapita madukani, ikaishia mtoni kana kwamba imechoka kutembea. Mto wenyewe ulikuwa mpana na mpole. Ulipita nyuma ya nyumba za mtaa wa chini, ukienda zake baharini, na kila chenye nguvu katika mji ule kiliufuata: mbao, magunia ya mkaa, na vijana.

Katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa chini aliishi mjane mmoja ambaye wote walimwita Mama Cherehani. Sare za wanafunzi wa mji mzima zilipita chini ya sindano yake. Mumewe alifariki mapema akamwachia mtoto mmoja wa kiume, naye akamlea kama mboni ya jicho. Kijana alijifunza kuchomelea vyuma, akapata kazi ng'ambo katika karakana ya meli. Siku alipoondoka, mama alisimama gatini mpaka boti ikawa nukta, kisha nukta nayo ikamezwa na kona ya mto. Tangu hapo, kila honi ya boti iliposikika, mguu wake ulisita juu ya kanyagio la cherehani.

Kila Jumapili kijana alipiga simu. Mama alioga mapema, akavaa gauni safi, akaingia chumbani mwa mwanawe na kuketi kitandani kungoja, kama mtu anayengoja mgeni. Shuka za kitanda hicho alizifua kila wiki, ingawa hakuna aliyezilalia. Wakizungumza, uso wake ulinawiri. Simu ikikatwa, nyumba ilipoa ghafla kama jiko lililomwagiwa maji.

Ukuta kwa ukuta naye aliishi fundi pancha, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kupasua mawe. Watoto walimbandika jina la Tarumbeta, naye akalipokea kama zawadi.

"Umeamkaje, dada!" alinguruma kila asubuhi, hata uzi ukakatika sindanoni.

"Salama, Fundi," Mama Cherehani alijibu kwa ncha ya ulimi.

Tarumbeta alipojitolea kumzibia paa lililovuja, aliambiwa, "Ahsante, mwanangu akija ataliziba." Mkewe alipomkaribisha chakula, aliambiwa, "Mwanangu akija tutakuja pamoja." Mke alinuna, lakini Tarumbeta alicheka tu.

"Mwache, mke wangu. Mwenye njaa ya mwana hashibi chakula cha jirani."

Mwaka huo mvua zilinyesha nyanda za juu kana kwamba mbingu imetoboka. Mto ukageuka mwekundu kama kutu, ukabeba magogo, mizizi, na siku moja banda zima la kuku, jogoo akiwa juu ya paa lake anawika. Watu gatini walishika mbavu kwa kicheko. Kesho yake maji yalikuwa yameifunika gati, na hakuna aliyecheka tena. Mtaa wa chini ulianza kuhamia shuleni, kilimani.

Tarumbeta alisimamisha mkokoteni wake mlangoni kwa Mama Cherehani. Mkewe na watoto walikuwa wamekwisha kupanda kilimani na vyombo vyao.

"Dada, pakia cherehani twende! Nafasi ipo!"

Mama Cherehani alikuwa amekaa juu ya sanduku kizingitini, amevaa gauni lake la Jumapili. Uso wake uling'aa.

"Nendeni tu. Mwanangu kanipigia alfajiri. Amekodi gari kutoka mji wa juu, liko njiani kunichukua. Kaniambia nisibanduke hapa."

"Maji hayangoji gari, dada."

"Nawe Fundi, huna watoto wako? Watunze hao, wangu niachie mwenyewe."

Tarumbeta akashika mipini ya mkokoteni, akaondoka.

Huenda msomaji atamwita mama huyu mkaidi. Lakini moyoni mwake hakuwa anakimbia mafuriko. Alikuwa anafuatwa na mwanawe. Mkono ulioondoka na boti miaka mingi iliyopita hatimaye ulikuwa unanyooshwa kumchukua. Angewezaje kuupa kisogo akapande mkokoteni wa jirani?

Mchana maji yakaingia. Kwanza yalipita chini ya mlango kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu. Mama akasogeza sanduku ndani, akafunga mlango, akakunja gauni. Yakafika magotini. Akainua cherehani juu ya meza, akaenda kuufungua mlango, ukagoma. Maji yaliukandamiza kutoka nje kama mabega ya watu kumi. Alipanda kitanda cha mwanawe, na kitanda kilipoanza kuelea akapanda juu ya kabati. Hapo ndipo simu ilipolia.

"Mama! Dereva kanipigia, daraja la juu limekatika! Hakuna njia. Toka nje, Mama!"

"Mlango umebanwa, mwanangu."

"Basi waite majirani! Piga kelele!"

"Nimwite nani, baba? Nimewarudisha wote."

Kijana akaangua kilio. Mama hakuwa amemsikia akilia tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa. "Nipo, Mama," alisema kwa kwikwi. "Nipo hapa. Usikate simu."

"Najua upo, mwanangu."

Na kweli alikuwepo. Sauti ile ilikuwa karibu naye kuliko pumzi zake mwenyewe, ikimwita, ikimbembeleza, tamu kuliko ilivyowahi kuwa Jumapili yoyote. Lakini sauti haina mikono, na maji yalikuwa yamefika kiunoni.

"DADA! KAA MBALI NA DIRISHA!"

Ngurumo hiyo haikutoka simuni. Nyundo ilipiga mara kadhaa, mbao za dirisha zikapasuka, na katikati yake kikatokea kichwa cha Tarumbeta. Alikuwa amejivika mpira wa ndani wa tairi la lori, ameujaza upepo ukafura, na kamba nene imefungwa kiunoni. Kule shuleni alikuwa amemtafuta darasa baada ya darasa, na alipomkosa hakuuliza mara mbili.

"Nipe mikono! Yote miwili!"

Mama alinyoosha mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika simu.

"Iache hiyo, dada!"

"Ni mwanangu!"

"Najua ni mwanao! Nipe mkono, nikurudishe kwake!"

Mama Cherehani aliitazama simu, kisha kiganja cheusi kwa grisi kilichomngoja dirishani. Aliisogeza simu mdomoni.

"Mwanangu," alisema, "nakuacha kidogo."

Akafungua vidole. Simu ikazama, sauti ya mwanawe bado ikimwita, naye akashikwa mikono yote miwili.

Kutoka pale hadi mteremko wa shule aliyameza matope mpaka akahisi ameunywa mto mzima. Watu wa mtaa walivuta ile kamba wakiwa wamepanga mstari, na wa mbele kabisa, miguu imezama topeni, alikuwa mke wa Tarumbeta.

Darasani walimvisha nguo kavu. Mara tu meno yalipoacha kugongana, akaomba simu. Namba ya mwanawe aliijua kama sala. Kijana akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nani kakutoa, Mama?"

"Jirani."

"Jirani yupi?"

Mama Cherehani akatambua kuwa Jumapili zote zile hakuwahi kumtaja mtu huyo hata mara moja.

"Nilikuwa na jirani, mwanangu," alisema polepole. "Sikukuambia tu."

Tarumbeta akaipokea simu. "HALO! MAMA YAKO MZIMA! ALA KUMBE UNASIKIA!" Bila shaka kule ng'ambo kijana aliiondoa simu sikioni. Darasa zima likacheka, na Mama Cherehani akacheka nao hadi kicheko kikageuka machozi.

Jioni, kupitia dirisha la darasa, aliona mto umetanda juu ya paa la nyumba yake. Hamu ya mwanawe haikuwa imepungua hata chembe. Ilimuuma palepale ilipomuuma siku zote. Wala kijana hakuwa na kosa. Alipenda, alilia, alituma gari. Lakini adui alikuwa mlangoni, naye alikuwa ng'ambo ya bahari. Mke wa Tarumbeta alimsogezea nafasi kwenye mkeka, na safari hii Mama Cherehani hakusema mwanangu akija. Aliketi, bega kwa bega naye, akapokea sahani.

Wahenga hawakukosea waliposema: fimbo ya mbali haiui nyoka.