Aliyesifia Chupa Bila Kuifungua

Naona akina baba wa benchi la nyuma wameshaanza kuangalia saa. Tulieni, ndugu zangu, mahubiri ya leo si marefu, na hata yakiwa marefu, wali haukimbii. Nataka niwape habari ya mama mmoja. Msihangaike kujiuliza ni mama nani, maana huyu nimemtunga mwenyewe. Ila mkiona amefanana na mtu mnayemjua, hilo si kosa langu.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji wa milimani, mji wa ukungu asubuhi na jua la kupasua kichwa mchana. Mama huyu alikuwa na mkono wa kuotesha. Mnawajua watu wa namna hiyo? Wewe unapanda mchicha kwa maombi na kufunga, nao unaota majani mawili ya kusikitisha. Yeye anatupa kokwa la parachichi nyuma ya jiko, baada ya muda anagawia majirani matunda. Alikuwa na kauli iliyonyooka pia. Akipanda mbegu ikamsaliti, anasema wazi kwenye kundi la simu la akina mama: "Jamani, hii msinunue, imenitia aibu." Kwa hiyo akisema kitu ni kizuri, watu hawaulizi mara mbili.

Sifa zake zikamfikia mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo. Mzee huyo alikuwa anatengeneza vitu vya nyumbani na vya bustani: majiko, sabuni, mikasi ya kupogolea, mbolea za maji, vitu vya aina hiyo. Akapanda mlima mwenyewe mpaka kwa yule mama.

Akamwambia, "Mama, nitakuwa nakuletea vitu vyangu. Sitaki hata shilingi. Kazi yako ni moja tu: vitumie, kisha waambie watu ulichokiona. Na mimi uniambie."

"Bure kabisa, baba?"

"Bure kabisa."

Nani kati yetu angekataa? Hata mimi mchungaji wenu ningeuliza tu vinaletwa siku gani.

Kitu cha kwanza kilikuwa jiko la mkaa. Mama akalipikia maharage, akalipikia ugali, akachemshia maji ya kuoga ya nyumba nzima. Kisha akaandika kwenye kundi: "Jiko hili linatunza moto vizuri sana, ila mguu mmoja ni mfupi. Msipoweka kigae chini yake, maharage mtayachotea sakafuni." Yule mzee aliposikia akacheka mpaka machozi, akaenda kiwandani, mguu ukarefushwa. Kila mtu akafurahi.

Isipokuwa mume wake. Jioni ile mume akaweka kikombe chini akamtazama. "Mke wangu, hivi wewe umelelewa wapi? Mtu anakupa jiko la bure, halafu unamtangazia kilema hadharani?"

Wapendwa, neno lile likamwingia. Na lingemwingia yeyote wetu, maana ndivyo tulivyolelewa. Ukikaribishwa kwa watu, ugali hata uwe mbichi katikati, unakula, unanawa, unasema asanteni, chakula kilikuwa kitamu sana. Mgeni haulizi chumvi. Mtoto wako akithubutu kuuliza, unambana paja chini ya meza. Ni adabu nzuri, naipenda, na wala sikuja hapa kuifuta.

Lakini ona ilivyomfanya yule mama. Ikaja sufuria, akapikia mara moja, akaisifia. Ikaja sabuni ya madoa, akafulia kitambaa kimoja, tena kilichokuwa safi tayari, akaisifia. Baadaye hata hilo likaonekana kazi bure. Kama jibu ni lile lile, ya nini kujisumbua? Ukaja mpira wa kumwagilia, akaupiga picha ukiwa juu ya nyasi, akaandika: "Mpira huu, nisiwafiche, unamwagilia kama mvua ya masika." Ukiitazama picha ile vizuri unaona mpira bado umefungwa kamba ya kiwandani. Hakuna aliyetazama. Nani anamkagua mtu mkweli?

Stoo ikajaa maboksi. Na huko nje jina lake likazidi kung'aa.

Basi siku moja mzee akaleta chupa ya mbolea ya maji, ile ya kupulizia kwenye majani. Akamwambia, "Hii ni mpya, mama. Kule chini kwangu imefanya vizuri, lakini jua la huku juu sijui litaichukuliaje. Jaribu kwenye tuta moja tu, kisha nipigie simu."

Mama akaipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, akashukuru. Mzee alipoteremka, akaiweka chupa dirishani karibu na maua, akaipiga picha na jua linaingia vizuri. Akaandika: "Wapendwa, dawa ya nyanya imepatikana. Nyanya zangu zinacheka."

Zinacheka! Chupa haijafunguliwa hata kifuniko.

Sasa ng'ambo ya ua wake aliishi mama mwingine, mdogo kwa umri. Mume wake aliugua mgongo, hawezi kuinama. Walikuwa na kishamba kimoja cha nyanya, na humo ndimo vilimotoka unga, dawa za mume na sare za watoto. Mwaka ule nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua, lakini zimedumaa, na yule mama mdogo alikuwa halali kwa mawazo. Akaona ile picha. Akavuka ua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, mbona asubuhi asubuhi?"

"Mama, nimeona ile mbolea ya chupa. Nimekuja nikuulize mwenyewe. Umeijaribu kweli? Maana lile shamba ndilo tunaloliangalia. Sina jingine."

Hebu tusimame hapo kidogo. Ameulizwa wazi. Hakuulizwa kwenye kundi, hakuulizwa na mgeni, ameulizwa na mtu aliyesimama mlangoni kwake na khanga imefungwa vibaya kwa haraka. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Mwanangu, subiri. Bado sijaifungua. Nipe siku chache." Ni maneno mazito hayo? Hata mtoto wa chekechea anayaweza. Lakini angeyasemaje, wakati nyanya zake zilishacheka mbele ya watu wote?

Akasita. Kisha akaenda dirishani, akaichukua ile chupa, akamwekea mkononi. "Chukua hii hii. Pulizia tu, mwanangu. Utanishukuru."

Na moyo wake ulikuwa mzuri, msimwone mchawi. Alitoa bure alichopewa bure. Hata hakukumbuka kwamba anadanganya. Alijiona ametenda wema.

Yule mama mdogo akafika shambani, akakizungusha kifuniko, akasikia kinakatika, ka! Kifuniko kipya kabisa. Akashangaa kidogo. Mnajua alisema nini moyoni? "Bila shaka alikuwa na chupa mbili." Loo! Mtu akikuamini, hata ushahidi wa uongo wako anautafutia sababu.

Akachanganya na maji kama maandishi yalivyosema. Muda wenyewe ulikuwa saa sita, jua liko utosini, kwa sababu ndipo alipomaliza kumhudumia mume wake, na hakuna aliyemwambia kwamba muda una maana. Akapulizia mstari kwa mstari, shamba lote, huku anaimba.

Kesho yake jioni majani yalikuwa yamejikunja. Kingo zake zimekauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Maua yamedondoka chini.

Akavuka ua tena. Mama mkubwa alipomwona uso wake akajua. Akajiandaa kutukanwa, na nadhani angeshukuru kama angetukanwa. Lakini yule mama mdogo hakuja kugomba. Alikuja kuuliza kwa upole, kwa sababu aliamini kosa ni lake.

"Mama, samahani. Nimekosea wapi? Wewe kwako ulipulizia saa ngapi?"

Mama mkubwa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Ulichanganya na maji kiasi gani, mama? Yako yalijikunja kwanza, halafu yakarudi? Niambie tu, nijue kama ningoje au ning'oe."

Jamani, kila swali lilikuwa la halali. Kila swali lilikuwa dogo, na mtu yeyote aliyepulizia tuta moja angelijibu huku anachambua mboga. Na mama yule, bingwa wa bustani, hakuwa na hata neno moja la kumpa.

Alilia siku ile. Kisha, kama sisi sote, machozi yalipokauka akatafuta wa kumlaumu. Akampigia yule mzee. "Mzee, mbolea yako imeunguza shamba la watu!"

Mzee akapanda mlima siku hiyo hiyo. Akaingia kwenye lile shamba, akachuma jani, akaligeuzageuza. Akauliza, "Mama, lile tuta lako la majaribio liko wapi?"

Hakuna tuta.

"Nililiogopa hili jua," mzee akasema. "Ndiyo maana nikakwambia tuta moja. Tuta moja lingeungua, ungenipigia simu, tungejaribu jioni, na kwenye kila chupa tungeandika: pulizia jua likishashuka. Basi."

Mama akainamisha kichwa. "Mzee, niliona aibu. Umenipa vitu vyote hivi bure. Ningekusemaje vibaya?"

Mzee hakupandisha sauti. Akasema, "Mama, nilikuita jikoni. Nikakudondoshea mchuzi kiganjani nikakwambia onja, uniambie kama chumvi imekolea, kabla watu hawajala. Wewe ukaenda ukakaa sebuleni na wageni."

Halafu akavua koti, akachanganya chupa nyingine, akangoja jua lizame, akaipulizia ile miche michache iliyokuwa bado na uhai. Na ile michache ikanyanyuka, ikazaa, nyanya nono nyekundu. Ilikuwa michache tu. Nyumba ile ilikula kwa shida mwaka ule.

Mmesikia? Mbolea ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Kilichounguza shamba ni ushuhuda.

Sasa tuje kwetu, na naomba msinikasirikie. Sisi tumepewa vitu bure, kanisa hili. Tumepewa maombi, tumepewa amani, tumepewa msamaha. Hatukulipia hata kimoja. Na kila Jumapili tunasimama hapa mbele tunavisifia, tena kwa sauti nzuri, na mikono juu. Sisemi ni vibaya. Ninauliza tu: kamba ya kiwandani tumeshaikata?

Nichukue kimoja, msamaha. Binti mmoja ameolewa juzi juzi. Wifi yake amemsingizia wizi mbele ya ukoo mzima. Anakuja kwako wewe, mama wa kanisa, wewe mzee wa kanisa, baada ya maombi, anakuvuta pembeni. "Mama, hivi kusamehe kunawezekana kweli?" Nawe bila kupepesa unamjibu, "Samehe tu, mwanangu. Mungu ataponya." Maneno mazuri, na ni ya kweli kabisa. Lakini wewe na dada yako wa tumbo moja hamjasalimiana tangu mlipomzika mama yenu. Mkikutana sokoni, mmoja anageukia vitunguu.

Yule binti anakuamini. Anakwenda siku hiyo hiyo, kidonda bado kibichi, anamwambia wifi yake mbele ya watu, "Nimekusamehe." Wifi anamcheka usoni. Binti anaungua. Anarudi kwako, na wala harudi kukulaumu. Anakuuliza kwa upole, "Mama, mimi nimekosea wapi? Wewe ulianzaje? Siku ya kwanza ulipomwona tena uso kwa uso, ulisema nini? Na moyo ulipokataa, ulifanyaje?"

Utamjibu nini?

Ndugu zangu, Mungu si mwenyeji wa sebuleni anayengoja tumsifie ugali wake. Hana haja ya kufichiwa aibu. Amewapa watu wake msamaha wautumie, mpaka wajue unauma wapi, unachukua muda gani, unatakiwa uanze saa ngapi, ili siku mwenzao akija na shamba lake la pekee wawe na la kumwambia. Nipeni mtu mmoja anayesimama hapa aseme, "Mchungaji, nilijaribu kumsamehe kaka yangu, nikashindwa mara ya kwanza, nikarudi tena, na bado panauma hapa." Mtu huyo mmoja atalijenga kanisa kuliko sisi ishirini tunaocheka kama zile nyanya.

Mzee wa zamu ameniandikia hapa kwamba sasa ni kipindi cha ushuhuda. Leo hakipo. Dakika hizo nawarudishia. Simu mnazo, nimeziona zikiwaka tangu nilipoanza kuhubiri. Tokeni nje, kila mtu atafute kivuli chake, ampigie yule mtu. Ndiyo, yule yule aliyekujia kichwani sasa hivi. Akikata simu, rudi uje utuambie amekata, tutakaa na wewe. Kwaya, msiimbe kwanza. Nanyi ngojeni kidogo, nitangulie mimi, maana na mimi yuko mtu ambaye sijamsikia sauti muda mrefu.