Msiba wa Mzee Nyumbu

Paukwa!

“Pakawa!”

Mko macho, au nasimulia migongo?

“Tuko macho, tupe!”

Hapo zamani za kale, Nyumbu na Pundamilia walikuwa watani. Wakikutana, walitukanana na kucheka. Wakifiwa, mtani ndiye aliyechimba kaburi, akawatania wafiwa mpaka wakacheka. Nyumbu kumzika nyumbu mwenzake ilikuwa mwiko.

Basi palikuwa na Mzee Nyumbu, mtemi mstaafu. Enzi zake alisema, “Pundamilia wakileta fyokofyoko kwenye magadi yetu tunayolamba, tutawatwanga!” Akashangiliwa sana. Alipostaafu, kiti akamwachia mpwawe, Sharubu. Sharubu akayachukua maneno yale, akayafanyia kazi. Vita vikawaka. Kirungu, kitinda mimba wa Mzee, akapelekwa vitani.

Mzee akawa hali, hanywi. Alitamani kumwona mwanawe. Alitamani kumwona pia mtani wake wa ng’ambo ya mto, Bibi Pundamilia, naye mtemi mstaafu, ambaye alizoea kumtania Mzee kwa jina la Uso-Mwiko, kwa urefu wa uso wake. Sasa kila mtu alimwita Mheshimiwa, na jina hilo halikumpa raha hata kidogo.

Akaenda kwa Sharubu. “Mpwa wangu, maliza vita. Nirudishie mwanangu.”

“Shikamoo, mjomba. Ulipokuwa kitini hukuyasema haya. Nenda kapumzike.”

Akaenda barazani kwa wazee. “Jamani, vita vikomeshwe!”

Wakacheka. “Mstaafu ana njaa ya kiti huyu!”

Akaenda mtoni, akapaza sauti. “Pundamilia, acheni vita!”

Ng’ambo ikajibu sauti anayoijua. “Uso-Mwiko, ni wewe? Hata mimi nimewaambia wangu, nimewaambia mpaka koo limekauka. Hawanisikii!”

Wakasimama pale, huyu huku, yule kule, wakalia. Kisha askari wakawafukuza.

Haukupita muda, Kirungu akaletwa amebebwa. Mkuki ulikuwa umempata kifuani.

Sharubu akaja na vijana wenye majembe. “Pole, mjomba. Tumzike upesi, vita vinatungoja.”

“Hazikwi,” Mzee akasema. “Atazikwa na mtani wake.”

“Mtani ndiye aliyemuua!”

“Basi ndiye aje amzike.”

Akajilaza mbele ya maiti. Nani angemruka mfiwa? Ngoma ya msiba ikapigwa, ikasikika mpaka ng’ambo.

Mara akaonekana Bibi Pundamilia anavuka mto, jembe begani, peke yake. Askari wakanyanyua mikuki.

“Nipisheni, ndevu za mbuzi nyie! Nimekuja msibani kwangu!”

Mikuki ikashuka. Mtani msibani hachomwi.

Akafika kwa Mzee, akamtazama. “We Uso-Mwiko! Uso umezidi kurefuka. Machozi yako yatachoka njiani kabla hayajafika kidevuni.”

Mzee akacheka. Alicheka huku analia, mbavu zikamuuma. “Nimekukumbuka, we kikongwe uliyechorwa kwa mkaa. Nimekukumbuka mno.”

Bibi akachimba. Askari wakamtazama. Wengi walikuwa na ndugu waliofukiwa vivi hivi, bila mtani, bila kicheko. Mmoja akaweka mkuki chini, akavuka mto kwenda kumwita mtani wake. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Na kutoka ng’ambo wakaanza kuja Pundamilia kuwaita Nyumbu, maana nao walikuwa na makaburi yao.

Sharubu akapiga baragumu la vita. Akapiga tena. Hakuja mtu. Wote walikuwa msibani.

Vita vikafa hivyo. Mzee Nyumbu akampata tena mtani wake. Kirungu hakumpata.

Enyi wenye viti, neno la amani lisemeni mngali mmekalia. Ukilisema baada ya kushuka umefanya vyema, lakini huenda wa kwako keshalipia yale uliyoyasema kwanza.

Ngano yangu nimeiweka chini. Mwenye mtani akamtukane leo, wangali hai wote wawili.