Mlangoni kwa Maalim Chande

Saa ya ukutani ya msikiti iliibiwa, kisha ikarudi. Aliyeirudisha alilia mbele ya Maalim Chande, akatubu, naye Maalim akamwahidi kumsitiri.

Bwana Shamte, tajiri aliyeitoa saa hiyo sadaka, hakuridhika.

"Nitajie mwizi, Maalim, nimpeleke polisi. La sivyo, katafute msikiti mwingine wa kuswalisha."

"Hasira za nini, tajiri wangu? Kesho baada ya alasiri njoo usimame mlangoni kwangu. Ila usimwambie mtu."

"Mimi? Kifua ninacho!"

Kabla ya magharibi soko zima lilijua: kesho mwizi wa saa ataonekana mlangoni kwa Maalim.

Siku ya pili Bwana Shamte aliwahi kusimama. Watu wakaja makundi kwa makundi, wakamkuta yeye peke yake.

"Kumbe ni wewe!" alisema muuza vitumbua. "Umeitoa mwenyewe, ukaiiba mwenyewe?"

Bwana Shamte akagonga mlango hadi Maalim akatoka. "Maalim, waambie siye mimi!"

"Nikianza kuwataja wasio wezi, Bwana, si mwisho atabaki mmoja?"

Bwana Shamte akawageukia watu. "Jamani, saa si imerudi? Ya nini kumsaka mtu aliyekwisha kutubu?"

"Amina," akajibu Maalim.